Soma kasoro ya picha kabla ya kununua kamera nyingine

Anayeanza kupenda picha za mandhari huuliza kwanza anunue kamera gani. Swali hilo ni la haki, ila mimi ningelipeleka mwisho wa foleni. Kabla yake, chukua picha kumi ulizopiga na hukuridhika nazo, zifungue kwenye kompyuta, kisha uzikuze hadi asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Kagua kona zote nne. Kagua jiwe au nyasi zilizo karibu, halafu mlima au upeo wa macho. Kila kasoro huacha alama yake, na alama hiyo ndiyo itakayokuambia pesa iende wapi, au kama kuna haja ya kutoa pesa kabisa.

Tafuta nukta inayong'aa, kama tone la maji au taa ya mbali. Ikiwa imevutika upande mmoja, na kila kitu kwenye picha kimevutika upande huohuo, kamera ilisogea. Kama majani ndiyo yamevutika na mawe yametulia, huo ni upepo. Jiwe la mbele likiwa safi na mlima umefifia, au kinyume chake, kosa liko kwenye fokasi, yaani umbali ambao lenzi imelengwa ili pawe safi. Picha nzima ikiwa laini kidogo kutoka kona hadi kona, bila kuvutika popote, tundu la lenzi, ule uwazi unaopitisha mwanga, lilibanwa mno. Ufifi ukiwa mbali tu, na kingo za vitu zimejikunja kama zinazoonekana kupitia maji, kosa ni la hewa. Na ikiwa kona ileile inafifia katika kila picha, hata ukigeuza kamera vipi, basi kuna kioo ndani ya lenzi ambacho hakijakaa sawa. Katika orodha yote hii, ukiacha tripodi (stendi ya miguu mitatu) nitakayoieleza, ni kasoro hiyo ya mwisho tu inayodai kifaa kingine au fundi, na hata hapo kinachohitaji kubadilishwa ni lenzi.

Nianze na kutikisika, kwa sababu ndiko kunakoharibu picha nyingi na ndiko kunakodharauliwa zaidi. Kamera ya fremu kamili yenye kihisi (bamba linalopokea picha badala ya filamu) cha milimita 36 kwa 24 na megapikseli 24 ina pikseli zenye upana wa takriban maikromita 6. Ukiifunga lenzi ya milimita 200, inatosha upande mmoja wa kamera ushuke kwa maikromita 3, yaani sehemu tatu za elfu moja za milimita, na picha imeshahama pikseli nzima. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Mkono hauwezi kutulia kiasi hicho. Tripodi dhaifu nayo haiwezi, ndiyo maana nasema tripodi inunuliwe kwa umakini uleule ambao watu huuweka kwenye kamera.

Unapoichagua, tazama unene wa mguu. Tripodi yenye vipande vitano kila mguu hukunjwa ikaingia kwenye begi dogo, lakini kipande chake cha chini kabisa huwa chembamba kama kidole, na hapo ndipo mtikisiko unapozaliwa. Vipande vitatu au vinne ni bora. Nguzo ya katikati isihesabiwe kwenye urefu: tripodi ifike usawa wa kidevu chako bila kuipandisha, kwa maana ukiipandisha umeweka kamera juu ya fimbo moja iliyosimama juu ya miguu mitatu. Kaboni ni nyepesi, inatuliza mtikisiko haraka na haiunguzi mikono kwa baridi. Alumini ni nzito na bei yake ni ya chini. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, alumini nene inaishinda kaboni nyembamba, na hapo sina wasiwasi wowote.

Kichwa cha gololi, kile kinachoishika kamera juu ya tripodi na kuzunguka kila upande, ndicho rahisi kutumia, lakini kina tabia moja ya kujua: ukishakikaza, lenzi ndefu hulegea kidogo kwenda chini. Panga picha juu kidogo ya unapotaka, kaza, kisha uone imetulia wapi. Lenzi ndefu yenye pete yake ya kufungia tripodi ifungwe kwa pete hiyo, uzito ukae katikati. Bamba linaloingia chini ya kamera hufungwa kwa skrubu ya robo inchi, na skrubu hiyo hulegea yenyewe baada ya siku kadhaa za kubebwa. Ukigeuza kamera isimame wima na ukaona inazunguka polepole kama mkono wa saa, usilaumu kichwa. Kaza skrubu ya bamba.

Kwenye mteremko, mguu mmoja uelekee juu na miwili chini, ili tripodi ikitaka kuanguka iangukie kwenye miguu miwili. Vuta vipande vinene kwanza, vyembamba mwisho. Kwenye mchanga, shindilia miguu kabla ya kupanga picha hadi uhisi imegota, maana mchanga wenye maji ni mdanganyifu: wimbi likirudi linachimba chini ya mguu, na tripodi inazama milimita chache huku shata, pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye kihisi, ikiwa wazi. Ukining'iniza begi kwenye ndoano ili kuongeza uzito, liache liguse ardhi kidogo, la sivyo litabembea na upepo na kuitikisa kamera uliyotaka kuituliza. Mkanda wa kamera uvue au uufunge kwenye mguu. Mkanda unaopepea ni tanga dogo.

Kipimo changu cha tripodi yoyote ni hiki. Weka kamera juu yake, washa skrini, kuza picha mara kumi kwenye kitu cha mbali, kisha gonga mguu mmoja kwa ukucha na uhesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja, taima ya sekunde 2 inatosha kuachia shata bila kugusa kamera. Ikichukua sekunde tatu au nne, tumia taima ya sekunde 10 au rimoti. Kamera za zamani zenye kioo ndani ziwekwe katika hali ya kunyanyua kioo kwanza, maana kishindo chake kinatosha kuharibu picha. Eneo la hatari liko kati ya sekunde 1/60 na sekunde 1. Kwa kasi zaidi ya hapo mtikisiko haupati nafasi. Kwa muda mrefu kama sekunde 20, mtikisiko wa mwanzo ni sehemu ndogo mno ya picha. Lenzi nyingi za zamani zenye kituliza mtikisiko huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo zikiwekwa kwenye tripodi, kwa hiyo kizime.

Sasa fokasi na tundu, ambavyo havitenganishiki.

Fundisho la kale ni umbali wa haipafokali: ukiweka fokasi hapo, kila kitu kuanzia nusu ya umbali huo hadi upeo wa macho kinaonekana safi. Hesabu yake ni urefu wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake) ujizidishe wenyewe, kisha ugawe kwa namba ya tundu (ile ya f/8 au f/11, ambayo ikikua tundu huwa dogo) iliyozidishwa kwa 0.03 kwa kamera ya fremu kamili. Lenzi ya milimita 24 kwa f/8 inatoa mita 2.4, maana yake usafi unaanzia mita 1.2. Lenzi ya milimita 35 kwa f/8 inaruka hadi mita 5.1. Milimita 50 kwa f/11 ni mita 7.6. Ongezeko hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa urefu wa lenzi umejizidisha wenyewe.

Tatizo ni hiyo 0.03. Ni upana wa ufifi, kwa milimita, unaovumilika kwenye picha ndogo inayotazamwa kwa umbali wa kawaida. Anayekuza kwenye skrini hadi asilimia 100, au anayechapisha picha ya kutundika ukutani, ataona mlima umefifia kidogo na kujiuliza alikosea wapi. Tumia 0.015, yaani zidisha umbali mara mbili: kwa milimita 24 na f/8, weka fokasi karibu mita 4.8. Usafi sasa utaanzia mita 2.4, hivyo utapoteza nyasi za miguuni pako na kuupata mlima mzima. Mimi nauchagua mlima, kwa sababu jicho husamehe nyasi laini mbele lakini halisamehi upeo wa macho uliofifia.

Na usiamini alama za mita zilizochorwa kwenye pete ya lenzi. Nyingi ni za kukisia tu. Zima fokasi ya kujiendesha, washa skrini, kuza mara kumi juu ya kitu kilicho katika umbali uliouhesabu, zungusha pete hadi kingo zisimame, halafu endelea kuzungusha hadi zianze kufifia tena, ndipo urudi katikati. Ni kazi ya sekunde kumi na tano. Ukishamaliza, usiguse pete ya zumu, kwa sababu lenzi nyingi za zumu hupoteza fokasi zikibadilishwa urefu.

Mtu akishajua kwamba tundu dogo huongeza kina cha usafi, hukimbilia f/22. Hapo ndipo mwanga unapomgeuka. Mwanga ukipenya tundu dogo hauendi tena kama nukta. Husambaa na kuwa duara. Kwa mwanga wa kijani, duara hilo lina upana wa takriban maikromita 11 kwa f/8, 15 kwa f/11, 21 kwa f/16 na karibu 30 kwa f/22. Kumbuka pikseli zetu zina maikromita 6. Kwa f/22 nukta moja ya mwanga inafunika pikseli tano kwa upana, na hakuna lenzi duniani, hata iwe ghali vipi, inayoweza kukwepa jambo hilo. Kwa fremu kamili mimi hubaki kati ya f/8 na f/11, nikienda f/16 pale tu jiwe la mbele linapodai. Kwa kihisi kidogo cha APS-C, f/8 inatosha kwa kazi nyingi. Kwa Micro Four Thirds, kihisi kidogo zaidi ya hicho, f/5.6 inafanya kazi ambayo f/11 inaifanya kwenye fremu kamili.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mwaka 1932 wapiga picha kadhaa huko San Francisco, wakiwemo Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham, waliunda kundi wakaliita Group f/64, jina lililotokana na tundu dogo sana la lenzi walizotumia kupata picha safi kutoka mbele hadi nyuma. Mbona f/64 haikuwaharibia? Kwa sababu ya ukubwa wa filamu. Karatasi ya filamu ya inchi 8 kwa 10 ni kubwa zaidi ya mara saba kuliko fremu ya milimita 36 kwa 24 ukipima mshazari, kwa hiyo picha yake haihitaji kukuzwa sana. Ukigawanya 64 kwa saba na kitu, unarudi kwenye f/8 au f/9. Walikuwa palepale tunapopaswa kuwa leo.

Kama jiwe liko sentimita 40 kutoka kwenye lenzi na mlima uko kilomita kumi, usilazimishe tundu. Piga picha mbili au tatu kwa f/8, ya kwanza fokasi ikiwa kwenye jiwe, ya pili katikati, ya tatu mlimani, kisha uziunganishe kwenye programu. Upepo ukivuma njia hii hukwama, kwa sababu nyasi hazitakuwa mahali pamoja katika picha zote. Basi pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 400 au 800 upate sekunde 1/125, ukubali chengachenga kidogo, yaani punje punje kwenye picha. Chengachenga husafishika, nyasi iliyovutika haisafishiki.

Kuhusu hewa, sina mengi. Jua likishapanda na ardhi ikapata joto, hewa ya moto hupanda kwa mawimbi na kupinda mwanga, ni ndugu wa yale mazigazi yanayofanya barabara ionekane ina maji. Lenzi ya milimita 300 ikitazama kilomita tano za ardhi yenye joto saa sita mchana haitatoa picha safi, na kubadilisha lenzi ni kutupa pesa. Fika mapema, panda juu ya bonde, au subiri mvua ipite.

Filta ni eneo ambalo watu hununua nyingi na kutumia mbili. Ya kwanza ni polaraiza, filta ya kuzungusha inayozuia mng'ao. Hufanya kazi yake kamili ukiwa umeelekea nyuzi 90 kutoka jua lilipo: nyosha kidole gumba na cha shahada viwe kama pembe ya mraba, elekeza cha shahada kwenye jua, halafu zungusha mkono, popote gumba linapoelekea ndipo anga litakapokolea. Kwa lenzi pana chini ya milimita 24 itakuletea doa la giza katikati ya anga, kwa kuwa lenzi inaona nyuzi nyingi kuliko eneo ambalo polaraiza inakolea. Thamani yake halisi mimi naiona kwenye majani yenye maji na mawe ya mtoni: inaondoa mng'ao mweupe na kuiacha rangi ya chini itoke, jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulirudisha baadaye. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Kwenye upinde wa mvua uwe mwangalifu, kwani ukiizungusha vibaya upinde unatoweka kabisa.

Ya pili ni ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga ili shata ikae wazi muda mrefu. Ile ya stopu 10 inagawa mwanga kwa takriban 1000. Pima mwanga bila filta: sekunde 1/125 inakuwa sekunde 8, 1/60 inakuwa sekunde 17, 1/30 inakuwa 34. Mpangilio wa kazi ni muhimu, maana ukishaifunga huoni kitu. Panga picha, weka fokasi, zima fokasi ya kujiendesha, pima mwanga, hamia kwenye hali ya kujirekebishia mwenyewe, ndipo ufunge filta taratibu bila kugusa pete ya fokasi. Kwenye kamera yenye kioo, ziba kitundu cha kutazamia, maana mwanga huingilia huko nyuma na kuacha michirizi ya ajabu. Maporomoko ya maji hayahitaji stopu 10: kati ya nusu sekunde na sekunde mbili maji hubaki na nyuzi zake, zaidi ya hapo yanageuka kuwa maziwa. Stopu 3 au 6 zinatosha.

Nunua filta moja moja kwa ukubwa wa lenzi yako pana zaidi, milimita 77 au 82, na pete za kuongezea kwa lenzi nyingine. Ikinasa, usiifungue kwa vidole viwili, kwa sababu unaibana iwe yai. Zungushia mpira mpana pembeni, ishike kwa kiganja kizima, izungushe.

Kuhusu mwanga wenyewe, jambo ambalo wasomaji walio karibu na ikweta hawaambiwi: maelezo mengi ya saa ya dhahabu, ule mwanga wa jua lililo karibu na upeo, yameandikwa na watu wa kaskazini. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa. Kwenye ikweta hushuka karibu wima, kwa hiyo kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kwenye upeo ni takriban dakika 24 tu. Kwenye latitudo 60, siku ambayo usiku na mchana ni sawa, jua hushuka kwa mshazari na safari hiyohiyo huchukua dakika 48 hivi. Ukiwa ikweta, tripodi iwe imesimama na fokasi imewekwa nusu saa kabla. Anayefika jua likiwa tayari jekundu atapiga picha tatu na kukimbizana na giza. Usifunge mzigo jua likizama, kwa maana buluu nzito huja pale jua likiwa nyuzi 4 hadi 6 chini ya upeo, karibu robo saa baada ya kuzama hapo ikweta, na hudumu dakika chache tu.

Katika dakika hizo, zima kipengele cha kupunguza chengachenga za picha za muda mrefu. Kamera hupiga picha ya pili ya giza yenye muda uleule ili kulinganisha: picha ya sekunde 30 inakudai sekunde nyingine 30 za kusubiri, na nusu ya mwanga wako imeondoka.

Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, kuliko picha iliyo kwenye skrini, kwa maana skrini gizani hung'aa kupita kiasi na kila picha huonekana nzuri. Ila jua kwamba histogramu hiyo inachorwa kutokana na JPEG, picha ambayo kamera imeshaisindika, hata kama unahifadhi faili la RAW, data ghafi ya kihisi, kwa hiyo weka mtindo wa rangi uliofifia ili ikuambie ukweli zaidi. Washa rangi tatu zitenganishwe. Machweo huunguza nyekundu kwanza wakati kijani na buluu bado zina nafasi, na nyekundu iliyoungua huacha anga la njano bapa ambalo haliponi. Pale anga na ardhi vinapopishana sana, piga tatu: sawa, stopu mbili chini, stopu mbili juu.

Sasa kamera. Megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000. Ukichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi unapata picha ya sentimita 50 kwa 34, na picha kubwa zaidi hutazamwa kwa mbali zaidi. Ili upate maelezo mara mbili kwa upana unahitaji megapikseli 96, mara nne, na kila kosa la tripodi na fokasi nililoeleza hapo juu litaonekana mara mbili kwa ukubwa. Kamera mpya kwenye tripodi dhaifu hurekodi mtikisiko kwa ubora zaidi. Kama kuna pesa ya ziada, ningetafuta lenzi ya milimita 70 hadi 200 au 300, hata kama tundu lake kubwa ni f/4 au f/5.6. Lenzi pana hufanya mlima uwe kilima. Ndefu huchagua safu tatu za vilima zenye ukungu kati yake na kuziweka zikiegemeana.

Yanayobaki ni usafi. Piga anga kwa f/22 fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi, na vumbi la kihisi litajitokeza kama madoa ya kijivu. Lipulize kwa pampu ya mkono, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate hukauka yakawa doa gumu kuliko vumbi.

Tripodi iliyoingia maji ya chumvi isiachwe imekunjwa hadi kesho. Chumvi ikikauka ndani ya kufuli, inakwaruza nyuzi zake za skrubu kila unapozungusha, na baada ya muda kufuli linateleza hata likikazwa. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, miguu ikiwa imevutwa yote. Fungua kufuli la chini kabisa, chomoa kipande, toa zile pete za plastiki huku ukikumbuka upande uliotazama juu, suuza mchanga, futa kila kitu kwa kitambaa, acha vikauke kivulini, kisha paka grisi kidogo kwenye nyuzi kabla ya kurudisha. Mguu mmoja kwanza hadi umalizike, ndipo mwingine, ili vipande visichanganyike.